Spidi sawa, ila stesheni iko wapi?

Ikitangazwa treni ya mwendokasi popote pale duniani watu tunakimbilia namba moja tu, inakimbia ngapi, 250, 300, 350, na mimi nilikuwa hivo hivo mpaka nilipoanza kuhesabu safari kuanzia mlangoni kwangu hadi mlangoni kwa ninayemfuata. Safari inaanza pale unapofunga mlango na begi liko mkononi, treni yenyewe bado hata hujaiona.

Cheki Indonesia. Oktoba 2023 walifungua Whoosh, Jakarta mpaka Bandung, kilomita 142, spidi ya juu 350 kwa saa, na pale ambapo treni ya kawaida inakula kama masaa matatu hii inatumia kama dakika 45. Ni kazi kubwa sana na nawapongeza kwa moyo wote. Ila stesheni ya mwisho, Tegalluar, iko nje ya mji, kwa hiyo anayeenda Bandung katikati anashukia Padalarang, stesheni ya kabla yake, alafu anapanda treni nyingine ya kumuingiza mjini, dakika kama 20 hivi, bado hujaweka muda wa kusubiri. Huku Jakarta nako inaanzia Halim, sio katikati ya jiji. Na safari ikiwa fupi ndo inauma zaidi, maana dakika 40 za kuunganisha kwenye safari ya masaa manne hata huzisikii, ila kwenye safari ya dakika 45 ni kama umesafiri mara mbili.

Wanaojenga hivo wana sababu zao jamani. Treni ya spidi 300 haitaki kona, kona yake inahitaji nusu kipenyo cha kama kilomita 4, sasa utaipitisha wapi katikati ya mji bila kubomoa nyumba za watu?

Hapo ndo nawapenda Wafaransa. TGV, treni yao ya mwendokasi, ilipoanza 1981 kati ya Paris na Lyon, reli mpya waliijenga nje ya miji, ila geji, yaani upana kati ya reli mbili, ni ile ile ya reli za zamani, kwa hiyo treni ikikaribia mjini inapunguza spidi, inaingia kwenye reli ya zamani na kukushusha mjini kabisa, mfano stesheni ya Gare de Lyon pale Paris. Kwangu mimi huo uamuzi una maana kuliko rekodi zote za spidi walizowahi kuweka. Na ndo maana 2023 waliweza kufuta ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya masaa mawili na nusu, mfano kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux. Wao wenyewe lakini walishateleza, 1994 walifungua stesheni ya Haute-Picardie katikati ya mashamba, kati ya Amiens na Saint-Quentin, wala sio Amiens wala sio Saint-Quentin, watu wakaibatiza stesheni ya bitiruti.

Japani hawakuwa na hiyo njia ya mkato, reli zao za zamani zilikuwa na geji ya milimita 1067 na Shinkansen, treni yao ya mwendokasi ya 1964, ikaja na 1435, ikabidi wajenge upya mwanzo mwisho. Tokyo wakaiingiza katikati, Osaka ikaishia Shin-Osaka, pembeni kidogo ya stesheni kuu. Mbona hakuna anayelia? Kwa sababu ni kituo kimoja tu na treni za kukufikisha zinapishana muda wote, unashuka hii unapanda ile. Kwa hiyo kuwa pembeni peke yake sio tatizo, tatizo ni kuachwa pembeni na begi lako usiku unaanza kutafuta teksi.

Siku hizi nikisikia mradi mpya nafungua ramani kwanza natafuta stesheni, alafu naangalia treni ya mwisho ya kuunganisha kwenda mjini inaondoka saa ngapi. Spidi nasoma baadae.