Suruali Iliyoota Ukungu

Nikiwa mzee wa baraza, raia anayempa Jaji maoni, Mahakama Kuu, Tabora, nilisikiliza shauri la mauaji lililomkabili kijana mmoja mrina asali. Mitaani alikwisha kuhukumiwa kitambo. Panga lake lilikuwa na madoa, shati lake vilevile, na suruali. Mwenyewe alishikilia neno moja: alichinja mbuzi.

Siku niliyoingoja ni ile ya shahidi kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Alikuwa mama wa makamo, na hakuna wakili aliyeweza kumharakisha. Akaanza na panga. Alisugua doa kwa pamba, akadondoshea fenolftalini, dawa ya kupimia damu, akatazama kwanza, ndipo akaongeza haidrojeni peroksaidi. Damu hugeuza pamba kuwa ya waridi baada ya dawa hiyo ya pili. Hii iligeuka kabla. "Siwezi kuiita damu, Mheshimiwa Jaji. Kuna kemikali nyingine zinazofanya hivi."

Shati liligeuka kwa wakati wake, na chumba kizima kikaguna. Mama yule akangoja kelele zitulie, akaeleza kuwa kipimo hicho hakitofautishi mtu na mnyama. Alipolipima kwa kingamwili zinazonasa damu ya binadamu peke yake, hazikunasa kitu. Baadaye nilisoma kwamba mlango huo ulifunguliwa na Mjerumani Paul Uhlenhuth mwaka 1901. Mwaka huohuo seremala aliyedai nguo zake zina rangi ya mbao alikutwa na damu ya kondoo na ya binadamu.

Ikabaki suruali. Hiyo ilikuwa na damu ya binadamu. Ya nani? Kijana alikuwa na kovu la panga gotini, akasema ni yake. Vinasaba (DNA) vingemaliza ubishi, lakini aliyeikamata suruali aliifunga ikiwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilifika maabara imeota ukungu, vinasaba vimeharibika. Mama yule akatuonyesha bahasha ya kaki ya lile shati: nguo ya damu hukaushwa kivulini, ikafungwa kwenye karatasi ipumue.

Nilitoa maoni kwamba hana hatia, na Jaji akamwachia. Sikuweza kusema vingine. Lakini mjane wa marehemu alihudhuria siku zote za shauri lile, na jibu alilostahili, liwe la kumtia kijana hatiani au la kumsafisha, liliozea kwenye mfuko ule. Hilo sijalisamehe.