Ananipikaka

Mama yule alikuja kliniki Jumanne, foleni imefika langoni. Ni mzaliwa wa Lubumbashi, anaishi Kayole, Nairobi, mimba ya miezi sita. Anaongea Kiswahili, kwa hiyo sikuona haja ya mkalimani.

Nilipomuuliza hali ya nyumbani, mumewe ameketi kwenye benchi nje na mlango uko wazi, alijibu kwa sauti ya chini: “Bwana ananipikaka kila mangaribi.” Mimi nikasikia mambo ya jikoni. Nikamwambia ana bahati kupata mume anayepika. Alinitazama, akanyamaza. Nikampima presha, nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikaita anayefuata.

Jioni, ndani ya matatu ya Jogoo Road, kijana Mkongo alikuwa akimuaga mtu kwenye simu: “Nitakupikia kesho.” Mwili ulinisisimka. Kwa watu wa Katanga, g ya kupiga hugeuka k, na ile -ka ya mwisho ni ya mazoea. Alikuwa ameniambia anapigwa kila jioni, nami nikampongeza.

Wiki nne sikuwa na amani. Namshukuru Mungu alirudi. Nilimwambia mume kipimo hiki ni cha mama peke yake, nikafunga mlango. Nikakunja ngumi, nikaigusisha kiganjani. “Hivi?” Akashusha kitenge begani.

Nikaanza kutaja polisi na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha. Akaanza kufunga kitenge chake upesi. Polisi ambaye yeye anamjua ni yule anayemsimamisha barabarani kumdai kitambulisho, na karatasi ya ukimbizi ya familia nzima anaiweka mume. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani inamhusu hata yeye, nilimwambia hivyo, lakini siku ile hakuhitaji sheria. Shirika la Afya Duniani linatufundisha tuanze kwa kusikiliza, tusimharakishe. Nilikuwa nimesoma hayo, na bado nilimharakisha. Nikaketi. Akaongea, na kila neno nililolitilia shaka nikamwomba alieleze kwa namna nyingine.

Hofu yake kubwa ilikuwa kijitabu cha Mama na Mtoto, kile cha kliniki anachokwenda nacho nyumbani.

“Dada, usiandike humo. Anakisomaka.”

Sikuandika. Nilimpa kwa mdomo namba ya bure ya msaada, 1195. Akairudia kwa Kifaransa cha kwao, polepole, mkono tumboni: onze, nonante-cinq. Mara tatu. Kisha akaomba nifungue mlango.