Llandudno: mji mpya juu ya shaba ya kale

Watu huja Llandudno, kaskazini mwa Wales, kwa ajili ya ufuo. Mimi ninayefanya kazi Liverpool huifuata Great Orme, rasi ya mawe ya chokaa yenye urefu wa mita 207 juu ya bahari. Upande wa pili wa ghuba ipo ndogo yake, Little Orme, na mji umelala kwenye uwanda ulio katikati.

Ndani ya Great Orme kuna machimbo ya shaba ya miaka zaidi ya 3,500 iliyopita. Wachimbaji walitumia mifupa ya wanyama na nyundo za mawe, wakifuata mkanda wa madini ya kijani. Baadhi ya njia ni nyembamba mno hata inadhaniwa walioingia ni watoto. Nilichungulia moja, nikarudi nyuma haraka. Kitambi hiki hakiruhusu.

Mtakatifu Tudno alihubiri hapa karne ya 6, na kanisa lenye jina lake lipo mlimani. Hoteli zile nyeupe za ufukweni ni za juzijuzi tu: familia ya Mostyn, wenye ardhi, ndiyo iliyoupanga mji katikati ya karne ya 19.