Mgonjwa wa sukari akilalamika uso upande mmoja, angalia pua leo leo

Jamani leo naomba niongelee mukormaikosisi, ugonjwa wa fangasi unaokula nyama za pua na uso, maana hawa wagonjwa wakitufikia kliniki ya masikio, pua na koo, unakuta mtu ameshazunguka huku na huku na antibayotiki za sainasi, na huu ugonjwa hausubiri dozi iishe, unaweza kutoka puani ukafika kwenye jicho na ubongo ndani ya siku chache tu.

India 2021 ndo dunia ilishtuka. Korona ilikuwa imepamba moto, wengi wana sukari, wakapewa na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe zinazopandisha sukari na kushusha kinga), mpaka mwisho wa Juni serikali yao ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Ila hii fangasi haikuanza na korona, vimelea vyake vipo kwenye udongo, kwenye mkate ulioota ukungu, tunavivuta kila siku na mwili unavimaliza. Shida ni sukari ikipanda mpaka damu inakuwa na asidi, hapo madini ya chuma yanaachiwa kwenye damu, fangasi inayala, na seli nyeupe nazo zinakuwa hazina nguvu. Inaingia kwenye mishipa ya damu inaiziba, nyama inakosa damu inakufa, ndo ule weusi unaouona puani au kwenye kaakaa.

Sasa ukisubiri weusi umechelewa. Mimi nachukua kipande cha pamba napitisha shavuni kulia na kushoto, mgonjwa macho kafumba, akisema huku sisikii kitu basi hapo hapo naingiza kamera puani. Ganzi shavuni, maumivu upande mmoja, pua kutoa uchafu wenye damu, jino kulegea bila sababu, kope kushuka, kuona vitu viwili viwili, hata moja tu kwa mtu wa sukari inatosha.

Kinyama kinachukuliwa siku hiyo hiyo, kingine patholojia kingine maabara, na tafadhali andika kwenye fomu kwamba unashuku mukori (hii fangasi yenyewe), maana wakikisagasaga kabla ya kuotesha wanaiua fangasi na jibu linarudi hamna kitu. Tone la KOH tu (dawa ya maabara inayoyeyusha nyama ili fangasi ionekane) chini ya darubini linaonyesha nyuzi pana kama utepe, hazina vigawanyo vingi, zinachepuka karibu pembe mraba. Siti skani na MRI zinaonyesha imefika wapi, ila zisikucheleweshe.

Matibabu yanaenda pamoja, kushusha sukari na asidi, kukata nyama yote iliyokufa (mara nyingi unarudi theatre zaidi ya mara moja) na amphotericin B, dawa ya fangasi ya kwenye mshipa. Dawa nyingine za fangasi kama fluconazole hazifanyi kazi hapa, voriconazole pia hapana, na nasisitiza kwa sababu ndo zinazoandikwa haraka. Amphotericin ile ya liposomali (iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta) ni 5 mg kwa kilo kwa siku au zaidi, ghali mno, ile ya kawaida inaumiza figo na kushusha potasiamu kwahiyo pima mara kwa mara, na changanya kwenye dextrose 5% (dripu ya sukari), ukiweka kwenye normal saline (dripu ya chumvi) inaganda. Baadae posaconazole, dawa nyingine ya fangasi, ya vidonge kwa wiki nyingi.

Na kuna kitu tunakisahau sana, wengi wanaopona wanabaki na tundu kwenye kaakaa, chai inatokea puani, sauti haieleweki. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema atengenezewe kibao cha kuziba, maana asipokula vizuri hata insulini yake huwezi kuipanga.