Gunia Lenye Kilemba

Mizani niliiazima Manzese, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeko nyuma ya kibanda cha chipsi cha shangazi. Ni ile ya kuning'iniza, uso wake kama saa ya ukutani, inasoma hadi kilo 200. Niliiviringisha kwenye kanga kuukuu, nikaitia begini chini ya sweta, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, natafuta basi la Njombe. Kijana wa mizigo alipolinyanyua begi aliniuliza nimeua nani.

Chanzo cha safari kilikuwa maneno tu. Shangazi anakaanga chipsi tangu nikiwa darasa la tatu. Zamani viazi alivifuata Kariakoo, kule shimoni, chini ya lile jengo alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Soko lilipoungua Julai 2021 akahamia Mabibo. Siku moja alirudi na ndoo mbili za viazi, akazitua kwa hasira, akasema, "Huko Njombe wanatajirika, mwanangu. Sisi ndio tunaowajengea nyumba." Nina rafiki niliyesoma naye ambaye mama yake analima viazi nje kidogo ya mji wa Njombe, na nyumba yao nimeiona kwenye picha. Haikufanana na maneno ya shangazi. Nikamwambia nitakwenda kupima.

Safari ya kwenda ni kilomita mia saba na ushee, na nyingi niliziacha usingizini. Niliamka Mikumi kuangalia tembo, nikaamka tena Kitonga kwa sababu basi zima liliamka. Njombe tulifika usiku, baridi inang'ata masikio, na mtu wa Dar ndani yangu akaanza kujuta.

Asubuhi nikamkuta mama wa rafiki yangu shambani, miguu imezama kwenye udongo mwekundu.

"Kamwene," nikamwambia, salamu pekee ya huko ninayoijua. Akacheka. Nikaongeza shikamoo, nisije nikaonekana sina adabu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na mzigo wa chuma?"

Viazi vilikuwa vimeshachimbwa, vimelundikwa kwenye mafungu: vikubwa upande huu, vya kati upande ule, vidogo vya ukubwa wa yai la kuku pembeni. Hivyo vidogo ndivyo mbegu ya msimu ujao. Vikubwa vinauzwa vyote, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta hela. Kwa hiyo kila mwaka shamba linapandwa watoto dhaifu wa mwaka uliopita, na mnyauko ukiwemo ndani yao unapandwa nao. Mama analijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Mbegu bora ipo, ila bei yake inashindana na ada ya shule.

Saa tano likaja Fuso. Tajiri mwenyewe, ndivyo wanavyomwita mwenye kununua, alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Temeke, koti zito juu ya dera. Alikuja na magunia yake, kamba zake na wafungaji wake wanne. Mkulima anatoa viazi tu; chombo cha kuvipimia kinakuja na mnunuzi.

Sasa nieleze lumbesa, kwa wale ambao gunia wameliona likiwa limeshashushwa sokoni. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa, linajazwa tena. Mtu mwingine angeshona hapo. Mfungaji ndiyo kwanza anaanza. Anapitisha kamba kwenye pindo la gunia, anasuka wavu kuelekea juu, anapanga viazi ndani ya wavu kimoja kimoja kama anayejenga ukuta, anasuka tena, anapanga tena, kisha anafunika kwa majani na kukaza. Akimaliza, gunia limevaa kilemba. Ni ufundi hasa. Niliangalia kwa mshangao mpaka nikasahau kuwa ninaangalia wizi.

Ni kosa, kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mazao hayatakiwi kufungwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Nilimuuliza mama kama sheria imefika kijijini.

"Inafika. Huja na gari asubuhi, jioni inaondoka. Gunia linalala hapa."

Tukaifunga mizani kwenye tawi la mlingoti. Watu wanne walinyanyua, mimi nikasoma. Gunia la kwanza kilo 133. La pili 141, la tatu 136, la nne 144, la tano 136. Wastani 138. Mama alikuwa na magunia 22, kila moja shilingi 70,000. Kwa gunia la halali viazi hivyohivyo vingetoa magunia 30, na nikamwonyesha tajiri kwenye daftari langu, nikijiona nimemkamata.

Hakutikisika. "Mdogo wangu, nipe gunia la kilo mia. Nitakupa hamsini. Mimi silipii jina la gunia, nalipia viazi nitakavyofikisha Mabibo."

Nikapiga hesabu. Sabini kwa 138 ni kama shilingi 507 kwa kilo, na hamsini kwa mia ni 500. Ananipunja shilingi saba tu. Nilibaki mdomo wazi, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa niliamini lumbesa ni kelele za watu wa mjini.

Mama ndiye aliyeniondoa ujinga, tena baada ya tajiri kwenda kukagua kamba. "Nilipoanza kuuza viazi, kilemba kilikuwa mstari mmoja wa kamba. Baadaye miwili. Leo hesabu." Nikahesabu, ilikuwa mitatu. "Bei tunagombania kila mwaka, nikiongezewa elfu mbili nafurahi. Kamba hakuna anayeigombania."

Kwa nini asikatae? Nilimuuliza, kwa ule upumbavu wa mtu aliyepanda basi. Viazi vikishachimbwa havisubiri, ghala hana, lori likiondoka tupu kwake litajaa kwa jirani. Mbolea ya ruzuku, iliyorejea mwaka 2022, imempunguzia mzigo, lakini dawa ya ukungu alikopa, na aliyemkopesha ni huyuhuyu tajiri. Walikuwa wanaongea vizuri tu, wanaulizana habari za watoto.

Tuliondoka jioni na magunia 68, ya mama na ya wengine, mimi katikati ya dereva na tajiri, utingo juu ya turubai. Kwenye geti la ushuru wa mazao tulilipa kwa kuhesabu magunia. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5, na mzigo usiofika tani moja ukaruhusiwa kuvuka wilaya bila kulipa, jambo jema kwa mwenye magunia matano. Ila ukilipia kwa gunia, kilemba kinapita bure. Halmashauri nayo inaibiwa na kamba ileile, sijui kama imewahi kujipima.

Kisha mizani za barabarani: Makambako, Wenda, Mikumi, Vigwaza. Hapo hakuna mchezo. Fuso la ekseli mbili lisizidi tani 18, nane mbele na kumi nyuma, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inajua mpaka kilo za ziada zinavyotozwa. Dereva aliyekuwa anaimba tangu Makambako alikuwa akinyamaza kila tukikaribia jengo la mizani. Nikawaza jinsi lami inavyopimwa mara nne kwa usiku na mchana mmoja ili isiumie, na viazi vilivyo juu yake havijapimwa hata mara moja, ukiacha mizani yangu ya vyuma chakavu.

Vigwaza nilipiga picha ya karatasi tuliyopewa: kilo 16,960. Dereva aliniambia gari tupu ni 7,100. Nikatoa, nikalinganisha na hesabu yangu ya 138 mara 68, ikazidi kwa karibu kilo 480.

"Labda ni dizeli," nikasema.

"Labda ni wewe," utingo akajibu.

Tairi lilipasuka Mlandizi, saa mbili zikapotea. Kibaha, Mbezi, Kimara, taa za mwendokasi, Ubungo chini ya madaraja. Saa kumi alfajiri tuliingia Mabibo.

Soko la Mabibo watu huliita Mahakama ya Ndizi, na saa hizo linafanana kweli na mahakama: kila mtu anabishana, hakuna anayekaa. Makuli walipanda kabla gari halijasimama. Gunia lililonyanyuliwa na watu wanne Njombe, hapa linabebwa na mtu mmoja, shingo imezama kwenye mabega, anakimbia kwa hatua fupi kwenye tope akipiga kelele apishwe. Nilimwuliza mmoja umri wake, akasema ishirini na sita. Nilikuwa nimemkadiria arobaini.

Dalali alifika na kalamu sikioni. Aliligonga gunia kwa kiganja kama mtu anayechagua tikitimaji, akakitazama kilemba, akataja bei. Nilipotoa mizani, watu walicheka. "Bosi, hiyo saa yako irudishe begini," akasema kwa upole. "Hapa tunauza kwa macho."

Bei ilikuwa 118,000. Tajiri alinipigia hesabu nyuma ya stakabadhi, kama anayejitetea ingawa sikumshitaki. Sabini ya shamba, nauli kumi na sita, magunia na ufungaji nne, ushuru wa kule na huku tatu, kushusha mbili, dalali nne. Tisini na tisa. Inabaki kumi na tisa kwa gunia. Magunia matano yalikuwa yameanza kutoa maji, akayauza nusu bei. Mwisho wa yote alibakiwa na kama milioni moja kwa siku nne za kulala garini, na safari iliyopita, aliniambia, alikuta mafuso manne yamemtangulia, akauza gunia kwa 85,000. Mama kule alipata milioni moja na nusu na ushee kwa miezi minne, kabla ya kulipa dawa, mbolea na vibarua. Nilishindwa kumchukia tajiri. Ilinikera kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa.

Hatua kumi kutoka hapo magunia yalikuwa yanavunjwa. Kamba inakatwa, kilemba kinamwagika, viazi vinaingia kwenye ndoo za lita 20 kwa ajili ya wakaanga chipsi kama shangazi. Ndoo shilingi 16,000. Nikanunua moja, na muuzaji akiwa bado anatafuta chenji nikaining'iniza. Kilo 12 na nusu. Nikaimwaga kwenye kiroba, nikaigeuza: kitako kimegongwa kikaingia ndani, mbonyeo unaotosha kuficha viazi viwili vikubwa. Muuzaji alitabasamu. "Ilidondoka, kaka."

Zote zilikuwa zimedondoka, mahali palepale.

Hapo ndipo nikaelewa safari niliyosafiri. Njombe chombo kinavimba. Mabibo chombo kinanywea. Ukiteremka zaidi, hadi kwa wanaonunua kwa sado, lile kopo la rangi, au fungu la viazi vitano kwenye meza ya mtaani, kinanywea tena, na mwenye hela kidogo kuliko wote ndiye anayelipa kilo kwa bei kubwa kuliko wote. Shangazi analipa shilingi 1,280 kwa kilo ya kiazi alichokiuza mama kwa 507, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayejenga nyumba.

Nilimfikishia ndoo yake kibandani na kumpa hesabu yote. Alisikiliza akiwa anageuza chipsi kwenye karai. Nilipofika kwenye habari ya kitako alizima jiko, akaenda uani, akarudi na ndoo yake mwenyewe, nzima, iliyonyooka. "Kuanzia kesho naenda na hii." Kisha akawasha jiko, akalalamikia bei ya mafuta ya kula, ambayo kwa maoni yake ndiyo inayommaliza. Mengine ni mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia na Indonesia. Ile ni safari nyingine, na mizani yangu haifiki huko.

Jioni nikairudisha kwa mwenyewe.

"Ulipimia nini?" akauliza, huku akiitundika msumarini.

"Viazi. Vya mama mmoja anayeuza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Anayeuza? Basi umemwibia. Mimi nanunua chuma, kijana. Hiyo springi nimeikaza. Kwenye kila kilo mia inakula tano."

Nilikaa kwenye rimu ya tairi, nikatoa simu, nikaifungua picha ya Vigwaza. Kilo 16,960, toa 7,100, gawa kwa 68. Jibu 145. Ndoo ya shangazi nayo ilipanda, ila kwa zaidi kidogo ya nusu kilo.

Nikampigia mama Njombe. Alikuwa bado shambani, upepo unavuma kwenye simu. Nilimweleza kwamba gunia lake si 138, ni 145, na mizani ya barabarani ndiyo iliyosema kweli. Alinyamaza kidogo.

"Na hiyo ya serikali, mwanangu," akauliza, "wanaazimisha?"