Tadmur: Jukwaa Lililotunzwa na Mchanga

Nilifika Tadmur mwezi wa Aprili mwaka 2010, nikiwa mwanafunzi wa Kiarabu mjini Damascus, ambako baadhi yetu tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki tulikuwa tumekwenda kutafuta elimu. Huo ndio mji wa Syria ambao Wagiriki na Warumi waliuita Palmyra, wenye thieta ya kale, yaani ukumbi wa wazi wa maonyesho, ninayotaka kuisimulia. Kutoka Damascus ni kilomita 215 hivi kuelekea kaskazini mashariki, na basi letu lilitumia takriban saa tatu, nyingi zikiwa za ardhi tupu ya rangi ya kahawia, isiyo na mti wala kijiji, ila kibao cha barabarani kilichoelekeza Iraq. Kisha, bila kutarajia, ilitokea mitende. Ilikuwa mingi mno, ya kijani iliyokoza, imesimama nyuma ya kuta za udongo pamoja na mizeituni na mikomamanga. Mtu aliyekwisha kukaa saa tatu akitazama mchanga haelezwi kwa nini watu walijenga mji hapo, anaelewa mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya pili niliamka kabla ya jua na kwenda kwa miguu hadi kwenye magofu. Niliingia katika barabara kuu ya nguzo, ambayo ina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na jambo la kwanza lililonisimamisha ni vibao vidogo vya mawe vilivyochomoza katikati ya nguzo, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Juu ya vibao hivyo ziliwekwa sanamu za watu walioheshimiwa na mji, na baadhi yao hawakuwa majemadari wala wafalme, bali wafanyabiashara na viongozi wa misafara ya ngamia, waliotoa mali yao na kuwavusha wenzao salama jangwani hadi mto Frati na Ghuba, ambako bidhaa za Bara Hindi zilikuwa zikishushwa. Watu hao walikuwa wakitegemea upepo uleule wa kaskazi na kusi ambao babu zetu waliutegemea. Katika pango moja la kisiwa cha Sokotra, ambacho mabaharia wetu wa majahazi walikijua vizuri, kulipatikana kibao cha mbao chenye maandishi ya Kiaramu cha Palmyra, kilichoachwa mwaka 258 na mtu wa mji huu wa jangwani. Tangu nilipojua habari hiyo sikuweza tena kuutazama Tadmur kama mji wa watu wasiotuhusu.

Thieta yenyewe iko upande wa kusini wa barabara hiyo. Ilijengwa katika karne ya 2, wakati mji ulipokuwa ndani ya Dola ya Roma na utajiri wa misafara ulipokuwa umefika kileleni. Mbele ya viti kuna jukwaa lenye urefu wa mita 45 na zaidi, na nyuma ya jukwaa ulikuwa umesimama ukuta wa mawe ya chokaa wenye milango mitano, uliopambwa kwa nguzo na vishubaka. Mlango wa katikati, ambao ndio uliokuwa mkubwa, ulikuwa umewekwa ndani ya ukuta uliopinda kama mihrabu. Viti ni ngazi za mawe zilizopangwa kwa nusu duara, safu 12, zikigawanywa na vipandio katika mafungu 11. Hapo ndipo zinapoishia. Wajenzi walikusudia kuendelea kwenda juu, lakini hawakumaliza, na eneo lililoachwa kwa ajili ya viti vya juu lilibaki wazi. Nilipoketi katika safu ya mwisho niliupitisha mkono kwenye ukingo wa jiwe. Lilikuwa bado na baridi ya usiku, chembechembe zake zikiwa ngumu kama chumvi ya mawe, na rangi yake, ambayo kivulini huonekana ya kijivu, ilianza kugeuka kuwa ya asali jua lilipolifikia.

Mlinzi wa zamu, mzee wa Tadmur aliyejifunga kilemba chekundu na cheupe, alinikaribisha chai katika kibilauri kidogo na akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, aliniita mwanangu, akanitaka nishuke jukwaani niseme lolote kwa lugha yangu, naye akabaki juu kwenye safu ya 12. Nilisoma beti mbili za utenzi alionifundisha bibi yangu, kwa sauti ya kawaida, bila kupaza. Nilipomaliza, mzee alinijibu kutoka kule juu, naye bila kupaza: “Nimesikia dunia. Nimesikia roho. Hayo ni maneno yetu.” Nilimwambia kuwa ni yetu pia. Alicheka sana, na kicheko chake kilinifikia kama kwamba tulikuwa tumeketi mkeka mmoja.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba thieta hiyo ilikuwa imefukiwa na mchanga kwa karne nyingi na kwamba ilifukuliwa katika miaka ya 1950. Mchanga, alisema, ndio uliotutunzia. Warumi chini ya Kaisari Aurelian waliushinda mji mwaka 272, wakamteka malkia wake Zenobia, aliyekuwa ameiasi Roma na ambaye majeshi yake yalikuwa yamefika hadi Misri. Mji ulipoasi tena mwaka uliofuata, ukaporwa. Biashara ikahamia njia nyingine, na jangwa likaja polepole na kuyafunika mawe.

Mwaka 2015 nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Mwezi wa Mei kundi la Daesh, yaani ISIS, liliuteka mji, na Julai likasambaza video ya askari wa Syria wapatao 25 wakiwa wamepigishwa magoti kwenye jukwaa lile na kuuawa kwa risasi na vijana wadogo, huku watu wakiwa wameketi kwenye ngazi wakitazama. Niliutambua ule mlango wa katikati, na sikuweza kuendelea kutazama. Agosti walimuua mzee Khaled al-Asaad, ambaye aliongoza idara ya mambo ya kale ya Palmyra tangu mwaka 1963 hadi 2003, na wakalilipua Hekalu la Bel, mungu wa kale wa mji huo, lililowekwa wakfu mwaka 32. Baada ya mji kukombolewa, orkestra ya Mariinsky kutoka Urusi ilipiga muziki katika thieta tarehe 5 Mei 2016. Wengi waliusifia usiku huo. Mimi niliona umefanywa mapema mno, kabla wenyeji wenyewe hawajapata nafasi ya kurudi na kulia. Desemba mwaka huohuo Daesh waliurudia mji, na Januari 2017 picha za setilaiti zilionyesha kuwa walikuwa wamebomoa sehemu ya ukuta wa jukwaa, pale katikati.

Ngazi za kukalia zimesalimika kwa sehemu kubwa. Mawe yaliyoanguka yanaweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake, jiwe kwa jiwe, kwa kuwa yalikuwa yamepimwa na kupigwa picha mara nyingi kabla ya vita, na ningependa kazi hiyo ifanywe na mafundi wa Tadmur, baada ya nyumba zao kujengwa kwanza, kwa sababu mji wa leo, ulio kando ya magofu, nao ulibomolewa vibaya. Nimejaribu kupitia watu niliosoma nao Damascus kuulizia habari za mzee wa kilemba, na bado sijajibiwa. Kibilauri alichoninyweshea chai aliniachia nije nacho nyumbani. Kipo rafuni, karibu na daftari la tenzi za bibi.