Grambling, Chuoni kwa Kocha Eddie Robinson

Kutoka Dallas tulishika barabara kuu ya I-20 kuelekea mashariki, tukasimama Shreveport kupata chakula cha mchana, kisha tukaendelea katikati ya misonobari hadi Grambling. Ni mji mdogo wa Louisiana ambao pengine usingejulikana mbali lau si chuo kikuu cha Weusi kilichoanzishwa hapo mwaka 1901, na lau si Eddie Robinson, aliyefundisha futiboli ya Kimarekani chuoni hapo tangu 1941 hadi 1997.

Makumbusho yake yamo ndani ya eneo la chuo, katika jengo lililokuwa ukumbi wa michezo wa wanawake. Takwimu zake zinastaajabisha, kwani alishinda mechi 408 na wachezaji wake zaidi ya 200 walikwenda kucheza ligi za kulipwa, lakini mimi nilivutwa zaidi na mwanzo wake. Baba yake alilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Robinson mwenyewe, pamoja na elimu yake ya chuo, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa, mpaka Grambling ilipomwajiri akiwa na umri wa miaka 22. Hakupewa msaidizi wa kulipwa hata mmoja. Alikata nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji miguuni na kuwaandikia wenye magazeti habari za mechi. Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu akapoteza tano. Msimu wa 1942 alishinda zote tisa, na hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake.

Timu iliposafiri, alitayarisha sandwichi za njiani, kwa sababu migahawa ya Wazungu haikuwahudumia vijana wake. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko vikombe vyote, maana saa chache kabla sisi tulikuwa tumeketi mgahawani Shreveport, tukaagiza na kula bila hata kuwaza kama tungefukuzwa.

Mwaka 1949 Paul Younger, mmoja wa wachezaji wa Robinson, alijiunga na timu ya Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Kwa wachezaji wake wote kocha alisisitiza masomo, na alfajiri alipita bwenini akipiga kengele ili waamke wawahi darasani.

Misimu yake mitatu ya mwisho timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na wakawapo waliotaka aondoke. Nawaelewa, ila naona walikuwa na haraka mno kwa mtu aliyekijengea chuo jina. Mwaka 1998 nafasi yake ilichukuliwa na mwanafunzi wake Doug Williams, ambaye miaka kumi nyuma alikuwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa kwanza Mweusi kushinda Super Bowl, yaani fainali ya NFL, naye akairudisha Grambling kwenye ubingwa wa ligi yake mwaka 2000, 2001 na 2002.